Kimpira cha Abdulrahman

Ijumaa hiyo Bi Mwanakombo alifagia uwanja wake wa nyuma mpaka uwanja wenyewe ukachoka. Alifagia asubuhi, akafagia tena kabla ya adhuhuri, na watu walipotoka msikitini alikuwa bado ameshika ufagio, anakusanya majani ambayo hayakuwapo. Yuliana, jirani yake wa upande wa pili wa uzio wa mabati, alimsalimia na kumuuliza habari za mguu. Akaitikia "wanaendelea vizuri tu," kama aliyeulizwa wajukuu. Kwake kulikuwa hakukaliki. Akikaa anasimama, akisimama anakwenda kuchungulia chumba cha mbele, na chumba cha mbele hakikuwa na jipya lolote: televisheni, mashine ya gemu, mabenchi, na vijana wa Kiwalani wanaopigiana kelele kama kuku ndani ya tenga.

Kilichomhangaisha hivyo kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Ilikuwa ni memori kadi, kile kidude cha mashine ya gemu kinachotunza michezo ya watu. Baada ya alasiri fundi Gaudens angekuja kuhamisha kila kilichokuwamo katika kadi ya zamani akitie katika kadi mpya, kubwa, na katika kadi ile ya zamani ndimo alimokuwa mwanawe.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana mtu mwenye akili zake timamu atauliza mtoto wa mtu anakaaje ndani ya kadi.

Bi Mwanakombo alizaa watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Talha, ndiye mwenye biashara ile ya gemu. Milango ya biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kumiminika kutoka Dubai, wenzake waliagiza mitumba na vipuri vya magari. Yeye akaagiza televisheni na mashine ya gemu, akamwita Gaudens, fundi kutoka Songea ambaye vidole vyake vimeungua kwa kulehemu na mdomo wake haujui kunyamaza. Gaudens akaifungua mashine, akaichomelea chipu ndani, ikawa inakubali sidii za kunakili zinazouzwa Kariakoo. Mtaa mzima ukahamia barazani kwa Bi Mwanakombo.

Mdogo ni Abdulrahman, Abdu kwa kila mtu, na huyu hakuwa na shughuli ya maana isipokuwa kucheza. Lakini alikuwa akicheza! Vijana walitoka Vingunguti kwa miguu kuja kufungwa na Abdu, wakarudi kwao wakiwa wamenyamaza. Alianzisha ligi yake humo kwenye gemu, akaongoza, zikabaki mechi chache tu abebe kombe. Kisha asubuhi moja akatoka, begi hana, amevaa suruali mbili moja juu ya nyingine. Mama yake hakuiona ile ya ndani. Alichosikia ni maneno aliyoyasema pale mlangoni: "Mama, mwambie Talha mtu asiguse ligi yangu. Nikirudi namalizia."

Yeye alidhani anakwenda Kariakoo. Abdu alikuwa anakwenda bandarini, kuzamia meli.

Zikapita wiki, ikapita miezi. Barua hakuna, simu hakuna. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Vingunguti aliyezamia pamoja naye alirudishwa nchini. Bi Mwanakombo alimfuata mpaka kwao, akamkalisha, akamuuliza. Kijana akasema mabaharia waliwakuta mafichoni, wakawatenganisha, na kuanzia hapo yeye hakumwona Abdu tena. Hakutaka kusema zaidi. Muda wote aliosema alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Bi Mwanakombo aliporudi nyumbani siku hiyo, hana hali, Talha hakuwa na la kumpa mama yake. Akaiwasha mashine bila sidii. Ukatokea uso wa kioo wenye visanduku, na katika kila kisanduku kijipicha kidogo, maana kila mchezaji akihifadhi mchezo wake huachiwa kijipicha. Vingine vilikuwa gari, vingine ngumi. Talha akamwonyesha kimoja, kimpira cheupe na cheusi, kidogo kama punje ya hindi kavu, kinazunguka polepole bila kusimama.

"Ya Abdu hiyo, mama. Ligi yake. Ipo vilevile alivyoiacha."

Talha alitaka kumfariji tu kwa jioni ile. Hakujua amefungua nini. Tangu hapo kila Alhamisi, kabla ya magharibi, wateja hutolewa nje, mashine huwashwa, na Bi Mwanakombo hukaa juu ya benchi na khanga yake kukiangalia kimpira kinazunguka. Akishiba anasema "haya, zima," anakwenda kutawadha. Kimpira kinazunguka, basi mtoto yupo mahali. Alisema mwenyewe: nikirudi. Mtu haachi kitu katikati kama hana nia ya kukirudia.

Wa kumpinga alikuwa mmoja, kaka yake, Mzee Mfaume. Mfaume hakuwa mtu mbaya. Alimlea Abdu tangu baba yake alipofariki, na huko kwake Temeke naye usiku halali. Lakini kila akija, akishaitikiwa salamu na kunywa chai, hoja yake ni ileile.

"Mwanakombo, mtoto hatujamsomea hata Yasini moja. Huku ni kumtesa."

"Amesema anarudi."

"Alisema, ndiyo. Dada yangu, hatujui aliko. Tumsomee khitma, roho yake itulie, na yako itulie."

Siku moja alimshika pabaya, wakati kichwa kinamuuma na mkaa umelowa mvua. Bi Mwanakombo akasimama, akaelekeza kidole kule chumba cha mbele, akala kiapo. "Wallahi, kaka, siku kile kimpira kitakapozimika ndipo nitakapopika wali wa khitma ya Abdu. Si kabla!"

Mfaume akaweka kikombe cha chai chini. Akasema, "Nimekusikia," akavaa kofia yake, akaondoka.

Basi kiapo kikawa kimekwishatoka, na kiapo mtu hakimezi tena. Tangu siku hiyo Bi Mwanakombo akawa mlinzi wa kadi. Kazi ngumu, maana kadi yenyewe ilikuwa na visanduku vichache na ligi ya Abdu peke yake ilikalia vinne. Vijana wakaanza kunung'unika. Gaspar, mwenye sauti kuliko wote, alisema bila aibu, "Braza Talha, jamaa mwenyewe hayupo, sie tulio hai tunakosa pa kusevu. Ifute hiyo ishu tuendelee." Bi Mwanakombo alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka na mwiko. Gaspar hakuonekana mtaani kwa wiki nzima.

Talha, kwa kuchoka kukaa katikati ya mama na wateja, ndipo akamwambia Gaudens amtafutie kadi kubwa, ile yenye nafasi ya kumwaga. Kila mtu atahifadhi, Abdu atabaki kwake, ugomvi umekwisha. Mama yake akakubali kwa mdomo. Moyo ndio haukukubali. Kuhamisha! Mtu akihamisha kabati tu linavunjika kioo, sembuse kitu ambacho hata kushikika hakishikiki. Akiangukia njiani je? Akibakia katikati, huku hayupo na kule hajafika? Mara moja mwanawe alishapotelea njiani, na hakuna aliyemweleza ni wapi.

Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa Talha aliwatoa vijana nje, akazima mashine, akaenda msikitini. Nyumba ikanyamaza. Ndege ikapita chini juu ya mapaa ikishuka uwanja wa ndege, mabati yakatetemeka, na Bi Mwanakombo akajikuta amesimama katikati ya chumba cha mbele, mbele ya mashine.

Lililomjia lilikuwa jambo dogo na la haki kabisa. Katika nyumba ile, tangu enzi za bibi yake, hakuna msafiri aliyevuka kizingiti bila kufukizwa ubani na kunyunyiziwa marashi. Marehemu mumewe alipokwenda Mafia kununua nazi alifukizwa. Talha alipokwenda Tanga kwenye harusi alifukizwa, akanung'unika kwamba shati linanuka. Aliyeondoka bila kufukizwa ni mmoja tu, na ndiye ambaye hakufika. Sasa anasafiri tena. Safari hii mama yake anajua saa ya kuondoka, anaiona, na asifanye kitu?

Akaichomoa ile kadi kama alivyokuwa akimwona Talha anaichomoa. Akaenda nayo uani, akapuliza mkaa kwenye chetezo, akatia ubani na kipande cha udi. Moshi ulipopanda akaipitisha kadi juu yake, huku na huku. Akachukua mrashi, ule wa shaba wa harusi yake, akainyunyizia marashi, na kwa kuwa lilikuwa ni jambo lililochelewa miaka miwili, hakunyunyiza kidogo.

"Nenda salama, mwanangu," akasema. "Safari ile hukuniaga. Hii nakuaga mie."

Akaifuta kwa upindo wa khanga, akairudisha mahali pake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaa chini na kukaa kwenyewe kukawa kukaa.

Talha alirudi na watu wawili. Gaudens alikuwa na mfuko wa nailoni wenye kadi mpya na bisibisi zake. Mzee Mfaume alikuwa amekutana na Talha msikitini. Bi Mwanakombo alimwamkia kaka yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, na hapo moyo ukaanza mbio upya, maana Mfaume hakusema amefuata nini. Alikaa mwisho wa benchi akatoa tasbihi.

"Shikamoo mama," alisema Gaudens. "Leo nakuhamishia watu wako wote, hamwachi hata kijiko." Akaichomeka kadi mpya kwenye tundu la pili, akawasha. Upande wa kulia wa kioo ukaonyesha visanduku vitupu vya kadi mpya. Upande wa kushoto, wa kadi ya zamani, haukuonyesha kitu. Haukuonyesha hata visanduku.

Gaudens akazima, akawasha. Hakuna. Akachomoa, akapuliza, akachomeka. Hakuna.

"Imekuwaje?" akauliza Talha. "Asubuhi Gaspar kaichezea, ilikuwa nzima."

Gaudens aliileta kadi puani. Akainusa, akamtazama Talha, akainusa tena. "Braza, mbona kadi yako inanukia kama bibi harusi?"

Wote wakageuka. Bi Mwanakombo alijua rangi ya uso wake imekwishamsaliti. "Nimemfukiza," akasema. "Mtu hasafiri hivihivi."

"Ubani tu?"

"Na marashi. Kidogo." Akaikaza khanga yake. "Si kidogo sana."

Gaudens alianza kucheka, akamwona alivyo, kicheko kikamfia. Talha alikaa juu ya benchi akashika kichwa. "Mama," akasema, "mama jamani," na hasira yake yote ikaishia hapo kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumgombeza mama yake kwa kumuaga mwanawe.

Punje za tasbihi za Mzee Mfaume zilikuwa zinapita vidoleni mwake moja baada ya nyingine, na ukimya ule ulimkata dada yake maini kuliko kama angesema. Angesema, angejibiwa. Sasa kiapo kilikuwa kimekaa kati yao juu ya benchi kama mtu wa nne, na yeye Mwanakombo, kwa mikono yake mwenyewe, na mrashi wake wa harusi, ndiye aliyekizima kimpira. Alitamani kupiga ukelele. Akajikaza kisabuni.

Gaudens aliifungua kadi kwa bisibisi, akaiweka wazi juu ya leso. Akaomba spiriti na pamba. Ikaletwa ile ya kusafishia vidonda. Akafuta vimeno vyake vya shaba kimoja kimoja, ulimi nje, akiongea mwenyewe. Kisha akaiweka juani, dirishani, akasema tungoje. Bi Mwanakombo alingoja kwa kutembea. Alikwenda uani akarudi, akakunja khanga akakunjua, akafika dirishani akataka kuigusa, wote watatu wakasema "usiguse!" kwa pamoja. Aliomba Mungu kwa maneno, maneno yakaisha, akaomba kwa kuhema.

"Tujaribu," alisema Gaudens.

Akachomeka. Akawasha. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao Bi Mwanakombo aliuona mrefu kuliko miaka miwili yote. Kisha upande wa kushoto visanduku vikajichora, vijipicha vikajitokeza, gari, ngumi, gari, na pale chini, mahali pake palepale, kimpira cheupe na cheusi, kinazunguka.

"Alhamdulillah!" Alikuwa Mzee Mfaume, na alisema kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Dada yake akamtazama kwa mshangao. Mzee alikuwa analengwalenga na machozi.

"Sasa mtu asipumue," alisema Gaudens. Akaanza. Kijipicha kimojakimoja kilitokea upande wa kulia. Gari la Gaspar likavuka. Ngumi za fulani zikavuka. Abdu ndiye Gaudens aliyemwacha wa mwisho, akasema yule mzito apewe nafasi. Bi Mwanakombo alikuwa amesogea mpaka nywele zake zilizotoka chini ya khanga zikavutwa na umeme wa kioo. Macho yake yalikuwa kushoto, kwenye kimpira. Alikuwa anangoja kuona kinaondoka. Alitaka akione kinapoinuka, kinapokata pale katikati, kinapofika; njia ile nyingine hakuiona, hii hataacha imtoke.

Kimpira hakikuinuka. Kilizunguka palepale. Upande wa kulia, bila kishindo, kikatokea kimpira kingine, nacho kinazunguka.

"Tayari," alisema Gaudens, akajinyoosha mgongo. "Mzima, hana hata mkwaruzo."

"Huyu wa huku mbona hajaondoka?"

"Haondoki, mama. Inatokea nyingine kama yeye. Sasa wapo wawili, hii na hii. Ya huku ndiyo naifuta, kadi ya zamani Talha kanipa mie."

Bi Mwanakombo alitazama kushoto. Alitazama kulia. "Abdu ni yupi?"

"Wote, mama. Hakuna tofauti."

"Haiwezekani wote."

Aliinamia kioo. Mama anamjua mwanawe gizani kwa kukohoa; anamjua kwa mgongo, umbali wa mtaa mzima. Abdu alikuwa na kovu juu ya nyusi alipoanguka kisimani, na alikuwa akitembea bega moja limeshuka. Alivichunguza vimpira viwili vile kwa macho yote aliyopewa na Mungu, akitafuta kovu, akitafuta bega. Vilizunguka sawasawa. Cheusi kikija huku, cheusi kinakuja kule. Havikumjua wala havikumngoja. Na angemwambia Gaudens, vingetokea kumi, ishirini, kadi nzima, vyote vinazunguka, na hakuna hata kimoja ambacho alikinyonyesha.

Moyo wake, uliokuwa unakwenda mbio tangu alfajiri, tangu miaka miwili, ukatulia. Utulivu ule ulimuuma kuliko mbio zote.

"Basi chagua wewe, mama," Gaudens alisema kwa upole, kidole kikiwa juu ya pedi. "Nifute ipi?"

"Yoyote," alisema Bi Mwanakombo.

Talha akainua kichwa.

"Yoyote, baba. Mie nilizaa Abdu mmoja." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, waambie walimu. Alhamisi tusome."

Mzee Mfaume aliacha kuhesabu tasbihi. Mtu aliyekuwa akiidai khitma ile kila alipokuja sasa alionekana kama anayetaka kuikwepa. "Lakini Mwanakombo, kimpira hakijazimika. Kiapo hakijakufunga. Unaweza kungoja, dada yangu."

"Nimekiona, kaka," alisema. "Hakijazimika."

Akapita kati yao akaenda uani. Chetezo kilikuwa bado na moto. Akateremsha ndoo ya mchele, akavuta ungo na kigoda, akaketi, akaanza kuchambua mchele wa Alhamisi kana kwamba Alhamisi ni kesho. Talha akamfuata, akasimama mlangoni, mikono haijui pa kwenda.

"Mama. Iliyobaki nifanyeje? Nisiiguse?"

Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Mechi zake zilizobaki ni nyingi?"

"Chache."

"Cheza. Alisema atamalizia. Mmalizie wewe, nduguye."

Talha alirudi ndani. Vijana walikuwa wamerudi barazani. Gaspar akauliza kama wanaweza kuingia, akaambiwa waingie ila wakae kimya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao wakakaa kimya. Sidii ikatiwa. Bi Mwanakombo alisikia kelele za watu wa ndani ya gemu, zile ambazo Abdu alikuwa akiziigiza kwa mdomo wakati wa kula mpaka anapigwa kofi la mgongo. Kisha filimbi ikalia, mechi ikaanza.

Hapo ndipo alipolia. Hakulia ndani ya khanga kama alivyozoea. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, akimwita kwa jina lake lote, ungo umeanguka na mchele umetapakaa juu ya ule uwanja aliokuwa ameufagia kutwa.

Upande wa pili wa uzio Yuliana alikuwa anaanika nguo. Akaiacha shuka nusu ndani ya beseni, akajifunga khanga ya pili, akazunguka kuja kwa mlango wa mbele, akawapita vijana na televisheni yao. Hakumuuliza mtu yeyote nani kafa.